Kikombe cha Kwanza cha Mzee Daimu

Mwezi wa saba Songea hauna mzaha. Ukungu unashuka kutoka milima ya Matogoro kabla jua halijatoka, unatambaa mpaka mtaa wa Lizaboni, na watu wanajikunja ndani ya makoti ya mitumba kama kuku walionyeshewa. Madereva wa bodaboda wanavaa soksi mikononi. Katikati ya baridi hiyo, kwenye kibanda cha supu kilicho jirani na soko, mwanamume wa miaka sitini na minne alikuwa amesimama na shati la mikono mifupi, vifungo vya juu vimefunguliwa, anajipepea shingoni kwa kipepeo cha kuchochea mkaa.

"Daimu," alisema Kajetani, mteja wake wa miaka yote, akiwa amejifunga shuka juu ya koti, "unapepea moto au unajipepea wewe?"

"Moto uko ndani," alijibu Daimu. "Napepea pale ulipo."

Benchi zima likacheka. Walidhani anatania, kumbe alikuwa anasema kweli tupu. Joto hilo lilimpanda mara kadhaa kwa siku, likaanzia kifuani, likafika masikioni, likamwacha ametota jasho. Lilitokana na sindano aliyochomwa hospitalini kila baada ya miezi mitatu, na sababu ya sindano hiyo, kati ya wateja wote, aliijua Kajetani peke yake, naye aliijua kwa sababu tu alimkuta Daimu kwenye foleni ya hospitali akamhoji mpaka akachoka kukataa.

Daimu alizaliwa Mbesa, kule Tunduru, kwenye mikorosho, akaletwa Songea na mjomba wake angali kijana. Mjomba ndiye aliyemfundisha kupika supu ya kongoro: namna ya kuzichoma kwato na kuzikwangua mpaka zing'ae, namna ya kuuachia moto mdogo ufanye kazi usiku kucha, na kipimo cha tangawizi. Lakini zaidi ya yote alimfundisha sharti moja. Kikombe cha kwanza ni cha mwenye sufuria. Anakichota mbele ya wateja, anaketi, anasema bismillahi, anakinywa mpaka tone la mwisho, halafu ndipo anaanza kuuza. Anayeogopa kuweka tumboni mwake kile alichopika, alisema mjomba, asikiweke tumboni mwa mwenzake.

Mjomba alifariki siku nyingi, sharti likabaki. Kila asubuhi saa kumi na mbili wateja wa mwanzo walisubiri mabakuli matupu mikononi huku Daimu akinywa. Hakuna aliyeguna. Ilikuwa kama kusubiri imamu atoe salamu. Wengine walikuja mapema makusudi waone. Na supu ilipokwisha, ilikwisha. Daimu hakuwahi kuongeza maji kwenye sufuria iliyokwisha kufunguliwa, hata siku za gulio watu wanapofurika. "Njooni kesho," aliwaambia, akafunika. Kwa sababu hiyo aliheshimiwa kuliko watu wengi wenye suti, na yeye mwenyewe, tuseme ukweli, alikuwa anajua kwamba anaheshimiwa.

Ugonjwa ulipokuja, alifanya walivyofanya wanaume wengi wa rika lake: alinyamaza. Akawa anaamka kwenda haja ndogo mara kwa mara, akasingizia baridi. Mkojo ukawa wa kusitasita, akasingizia umri. Mpaka siku mkewe Saada alipomwambia wazi, "Baba Nasrin, ama unakwenda hospitali kwa miguu yako, ama nitawaita kaka zangu wakubebe kwenye machela mchana, soko zima likuone," ndipo akaenda. Wakamwambia ni saratani ya tezi dume, na kwamba imeshatoka nje ya tezi. Haingewezekana kuikata yote na kuitupa. Ingewezekana kuizuia, na ikizuiwa vizuri mtu huishi nayo miaka, anapika supu yake, anaona wajukuu zake. Lakini kuzuia kunataka nidhamu.

"Kwa hiyo hiyo sindano," Kajetani alimuuliza siku alipofahamu, akishusha sauti kwa mara ya kwanza maishani, "ndiyo kusema wamekuhasi?"

"Wamenitibu," alisema Daimu. "Wewe ungehasiwa mdomo."

Mwanzoni mwa msimu wa baridi vipimo vilionyesha kwamba sindano peke yake haitoshi tena. Ndipo daktari akaongeza vidonge, na Daimu akapelekwa kwa muuguzi aliyeitwa Benigna, mama wa makamo kidogo, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, asiyependa mtu aitikie kabla hajaelewa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, sista. Leo unanichoma tena?"

"Leo sikuchomi. Leo nakupa wageni wa kuishi nao." Akaweka mezani chupa mbili. "Ugonjwa wako unakula homoni ya kiume kama jiko lako linavyokula mkaa. Sindano ilifunga ghala kubwa la mkaa. Lakini yapo maghala madogo mwilini bado yanatoa. Hivi vidonge vikubwa kazi yake ni kuyafunga hayo. Unameza vinne kwa pamoja, mara moja kwa siku, vizima, kwa maji. Havitafunwi, havisagwi."

"Sawa."

"Ngoja, usiseme sawa. Havitaki kukuta chakula tumboni. Ukishakula, yapite masaa mawili ndipo umeze. Ukishameza, lipite lisaa limoja ndipo ule. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Na hiki kidogo?"

"Hiki ni kinyume chake. Hiki kinataka kukuta chakula. Unakimeza asubuhi pamoja na mlo. Na usikiache hata siku moja bila kutuuliza, maana hicho ndicho kinachoulinda mwili wakati wale wakubwa wanafanya kazi."

Daimu aliziangalia chupa mbili, akatabasamu. "Kama wake wenza."

"Umesema mwenyewe, baba. Basi usiwakalishe meza moja." Benigna akavaa miwani. "Nyumbani kuna mjamzito?"

"Binti yangu Nasrin. Amekuja kwetu kujifungua mtoto wa kwanza."

"Asiviguse vile vikubwa. Vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Chupa uitunze mwenyewe. Na ukisahau siku moja, imepita hiyo. Kesho yake usimeze mara mbili ili kufidia."

Daimu alirudi nyumbani akiwa na nia njema kabisa. Siku za mwanzo alitii kama askari. Aliamka saa kumi alfajiri, tumbo halina kitu tangu chakula cha jioni, akameza vile vinne kwa maji, akaswali, akaenda kwenye sufuria. Tatizo likawa kichefuchefu. Hakikuwa kikubwa, lakini kwa mtu anayeshinda mbele ya mvuke wa kongoro hata kidogo kinatosha. Angeweza kurudi hospitali akauliza. Badala yake alimwambia Kajetani.

Kajetani alikuwa utingo wa lori la mahindi ujana wake, kisha akawa mnunuzi wa mahindi vijijini, Maposeni na kwingineko, na kwa kuwa alikuwa amesafiri sana aliamini kwamba amesoma sana.

"Wamekuambia umeze dawa kali kama hiyo juu ya tumbo tupu?" Aliweka bakuli chini kwa mshangao. "Daimu! Hata mtoto anajua dawa kali inataka kitu chini yake. Klorokwini tulimezaje? Si mama zetu walitushindilia uji kwanza mpaka tukakohoa? Itakutoboa utumbo hiyo. Weka mafuta kwanza. Mafuta yanalainisha njia."

Na hapa ndipo ilipo hatari ya shauri baya: linapofanana na lile ulilolelewa nalo, halisikiki kama shauri, linasikika kama kumbukumbu. Daimu alimkumbuka mama yake na bakuli la uji. Akajiambia kwamba yule sista ni mtu mwema lakini pengine alichanganya chupa. Hakumuuliza. Kesho yake akavifunga vidonge vyake kwenye karatasi, vikubwa vinne na kile kidogo, akavitia mfukoni mwa shati, na saa kumi na mbili, alipochota kikombe cha kwanza mbele ya wateja, akaviingiza vyote kinywani na kuvisukuma kwa supu ya moto yenye uboho unaoelea juu.

Kichefuchefu kikatulia. Daimu akajiona mjanja. Akaendelea hivyo kila siku, na wateja wakadhani mzee anakunywa vitamini.

Saada aliona. Yeye alikaa upande wa pili wa kibanda akikaanga chapati, na jicho la mtu anayekaanga chapati haliko kwenye chapati muda wote. Aliuliza mara moja, "Sista alisema hivyo?" akajibiwa, "Mambo ya dawa zangu niachie mwenyewe." Akanyamaza. Alikuwa na tabia ya kunyamaza kama mtu anayeweka akiba.

Baada ya wiki kadhaa ndala za Daimu zikaanza kumbana. Alidhani zimesinyaa kwa baridi, mpaka Nasrin alipokaa naye kibarazani jioni, akaweka miguu yake ya ujauzito kando ya miguu ya baba yake, akasema, "Baba, mbona yako imevimba kuliko yangu? Na wewe unatarajia?" Wakacheka wote. Lakini upawa mkubwa wa supu nao ukawa mzito. Mapaja yakawa yanalegea akipanda ngazi ya msikitini, na kichwa kikawa kinagonga kwa ndani kama mtu anayetaka kufunguliwa.

Siku ya kliniki wakampima. Presha ilikuwa juu sana. Damu ilionyesha kwamba potasiamu, ile chumvi inayozipa misuli nguvu na kuuwekea moyo mwendo wake, imeanza kushuka. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, alitazama karatasi kisha akamtazama yeye.

"Mzee, vile vidonge vikubwa unameza tumbo likiwa tupu?"

Benigna alikuwa amesimama pale pale, miwani puani.

"Tupu kabisa, daktari," alisema Daimu. "Tupu kama debe."

Kwa nini alisema hivyo? Si kwamba alikuwa mwongo. Lilikuwa jambo baya zaidi: alikuwa mtu anayesifiwa kwa ukweli, na mtu wa namna hiyo akikosea mara moja huona ni rahisi kusema uongo kuliko kupunguza sifa.

Daktari akashusha pumzi. "Basi mwili wako haupatani na dawa hii. Nakuongezea ya presha na ya potasiamu. Wiki ijayo nikikuta hali ni hii hii, naiondoa. Nasikitika, kwa sababu ugonjwa umeanza kurudi nyuma kwa dawa hiyo. Na nikishaiondoa, hapa sina nyingine ya kuweka mahali pake."

Daimu alitoka na maneno hayo kichwani. Dawa inafanya kazi. Ugonjwa unarudi nyuma. Na wiki ijayo wataichukua. Njia nzima, kutoka hospitali mpaka Lizaboni, alijua kinachopaswa kusemwa, akakipita kama mtu anavyompita barabarani mtu anayemdai. Saada alipomuuliza habari za hospitali, alimjibu kwa mkato kwamba wameuliza kama tumbo huwa tupu, naye amewaambia ni tupu.

Kesho yake mikono haikuwa na nguvu. Mkaa hakuupanga vizuri, moto ukafifia alfajiri, na supu ikatoka nyepesi. Alikinywa kikombe chake cha kwanza pamoja na vidonge vyake, akaanza kugawa. Kajetani akaonja. Akaonja tena. Akatazama ndani ya bakuli kama anayemtafuta mtu aliyepotea kisimani.

"Daimu, leo umetia maji?"

Dereva mmoja wa bodaboda aliacha chapati hewani, nusu ya njia ya kwenda mdomoni.

"Umesemaje?"

"Nauliza tu. Supu ya leo naona mpaka maua ya chini ya bakuli."

Basi Daimu akalipuka. Aliweka upawa chini, akavuta pumzi, na mahubiri yakatoka. Alianza na mjomba wake. Akapita kwa wauzaji wa maziwa wanaochanganya na maji, wauza nyama wanaoegemea mizani, mafundi cherehani wanaobakiza kitambaa. Akafika kwake mwenyewe. "Miaka yote hii nakunywa kikombe cha kwanza mbele ya macho yenu! Kwa nini nakunywa? Kwa kiu? Nakunywa ili mjue kwamba Daimu hana cha kuficha! Simama mtu hapa aseme ni lini nimemdanganya binadamu kuhusu kitu kinachoingia tumboni! Simama!"

Hakusimama mtu. Chapati ililia kwenye kikaango. Kisha sauti ya Saada ikatoka upande wa pili, ya chini, ya mtu anayegeuza chapati yake.

"Na yule sista, yeye si binadamu?"

Wateja hawakuelewa. Kajetani alielewa nusu, akajificha nyuma ya bakuli. Daimu alielewa yote. Lile joto likampanda kuanzia kifuani, na safari hii hakujua kama ni la sindano au la aibu. Aliokota upawa wake, akagawa supu iliyobaki, na hakumtoza Kajetani hata shilingi.

Nyumbani alijaribu kujitetea.

"Nikimwambia sasa nitaonekana mtoto mdogo."

"Sasa hivi unaonekana marehemu," alisema Saada. "Chagua."

"Wewe hujui kichefuchefu kile."

"Nimebeba mimba nne, Baba Nasrin. Usinifundishe kichefuchefu." Alikaa mbele yake, akamshika magoti. "Ramadhani unafunga toka alfajiri mpaka magharibi, humezi hata mate kwa makusudi, na unasimama kwenye sufuria ya futari ya watu. Kwa Mungu unaweza siku nzima. Kwa ajili yangu na ya huyo mtoto anayekuja, lisaa limoja linakushinda?"

Daimu alitafuta kadi yake ya hospitali, akaitia mfukoni mwa shati.

Hakungoja siku yake ya kliniki. Asubuhi iliyofuata alimwachia Saada kibanda, akapanda bodaboda mpaka hospitali, akakaa kwenye benchi hadi Benigna alipotokea na faili mkononi.

"Baba, si wiki ijayo wewe?"

"Sista, nimekuja kutengua neno langu. Niliwaambia tumbo tupu. Halikuwa tupu. Lilikuwa na supu ya kongoro."

Benigna akavua miwani taratibu. "Kiasi gani? Kikombe kimoja?"

"Kikombe kikubwa. Chenye uboho. Dawa ilikuwa inaingia pamoja nayo. Wote, wakubwa na mdogo."

"Meza moja."

"Meza moja," alikiri Daimu. "Tangu mwezi uliopita."

Alitegemea kugombezwa. Benigna alimketisha kwanza, ndipo akamgombeza, maana kwake utaratibu ni utaratibu. "Baba yangu, mafuta ndiyo yanayoifungulia dawa hii milango yote. Tulikupimia kiasi cha kuingia polepole, tumbo likiwa tupu. Juu ya mafuta imeingia mara nyingi zaidi ya tulivyokusudia. Ni kama ulikuwa unameza vidonge vya siku kadhaa kila asubuhi. Ndiyo maana presha, ndiyo maana miguu, ndiyo maana huna nguvu. Na daktari alitaka kukuondolea dawa nzuri kwa kosa la supu! Nani alikushauri?"

"Rafiki yangu mmoja. Kajetani."

"Alisomea wapi huyo Kajetani?"

"Kwenye lori la mahindi."

Benigna alikaza midomo isicheke, ikamshinda kidogo pembeni. "Na kuna siku ulisahau, ukameza mara mbili kesho yake?"

"Hiyo sikufanya, sista. Makosa yangu yananitosha."

Daktari alipoelezwa hakusema maneno mengi. Alisimamisha vile vikubwa kwa muda, ili mwili utulie kwanza, akamwachia kile kidogo na dawa za presha na potasiamu, akapima moyo, akachukua damu. "Ningekuondolea dawa bure, mzee," alisema. "Nashukuru umerudi. Tukiona presha imeshuka na damu imekaa sawa, utarudishiwa. Isipokaa sawa, itabidi tuzungumze upya."

Zile zilikuwa siku ndefu. Daimu alipika, akauza, akatania, lakini moyoni alijua kwamba yale maghala madogo ya mkaa yako wazi tena na hakuna mlinzi mlangoni. Kwa mara ya kwanza alivitamani vile vidonge kama mtu anavyomtamani mgeni aliyeondoka baada ya kufanyiwa jeuri. Presha ilimfanya apunguze chumvi pia, na kupunguza chumvi kwa mpika supu ni kama kumwambia mwadhini apunguze sauti. Alimwambia Kajetani wazi, mbele ya benchi, ugonjwa wake, dawa zake, na supu ilivyotaka kumuua.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema Kajetani, uso umemshuka.

"Wewe ulisema. Niliyemeza ni mimi. Niliyemdanganya daktari ni mimi."

Kajetani akaliweka bakuli lake chini. Kisha akauliza, bila mzaha hata chembe, kama mtu akianza kwenda haja ndogo mara kwa mara aende siku gani kumwona huyo Benigna. Daimu akamtazama. "Kesho," akamwambia. "Na usipitie kwa mtu kuomba ushauri njiani."

Alipoitwa tena hospitali, presha ilikuwa imeshuka, potasiamu imepanda, na vidole vya miguu vilionekana kimoja kimoja kama zamani. Benigna alisukuma ile chupa kubwa kuelekea kwake, lakini hakuiachia mkono.

"Nieleze wewe. Utaishije nao?"

"Jioni nakula mapema, nafunga kinywa. Saa kumi alfajiri naamka, nameza wanne kwa maji. Kichefuchefu kikirudi nakuja kukwambia wewe. Saa kumi na mbili nakunywa kikombe cha kwanza, na hapo ndipo namkaribisha mdogo. Na kila mnaponiita kupima presha na damu, nakuja."

"Masaa mawili katikati. Safi. Na katikati hapo hutii kitu mdomoni?"

Daimu akafungua kinywa ajibu ndiyo, akakifunga. Kwa sababu saa kumi na moja ndiyo saa ya kuonja. Ndiyo saa ambayo mpishi anafunua sufuria, anachota, anaonja, anatia tangawizi, anaonja, anatia ndimu, anaonja. Ndiyo kazi yenyewe. Angeweza kusema ndiyo na kwenda zake.

"Kuna kuonja," alisema. "Na kuonja kwangu, sista, si kwa ncha ya kijiko. Ni kama nusu bakuli."

"Basi nani ataonja?"

Saada, aliyemsindikiza, alikuwa ameketi pembeni na mkoba mapajani. Katika ndoa yao yote hakuwahi kuruhusiwa kutia hata punje ya chumvi kwenye sufuria ile. Alitazama dirishani, kama mtu asiyehusika kabisa.

"Ataonja Mama Nasrin," alisema Daimu, na neno lile lilimgharimu kuliko sindano. Benigna akaiachia chupa.

Alfajiri ya kwanza ilikuwa mateso. Daimu alimeza wanne wake kwa maji, akakaa kwenye kigoda mikono imefungwa, akamwangalia mkewe akifunua sufuria yake. Saada alichota, akaonja, akafikiri.

"Tia tangawizi," alisema Daimu.

"Shh."

"Kiganja kimoja, tena cha kujaa."

"Baba Nasrin, kama unataka kuonja, onja, halafu twende wote kwa Benigna ukamweleze." Akatia nusu ya tangawizi aliyozoea kutia Daimu, chumvi kidogo, na ndimu zaidi. Kisha akatia majani ya giligilani aliyoyatoa kwenye upindo wa kanga. Daimu akafumba macho asione.

Saa kumi na mbili watu walikuwa wamejaa. Kajetani alikuwepo, na karatasi ya hospitali ikichungulia mfukoni mwa koti. Yeye walikuwa bado wanampima. Daimu alichota kikombe cha kwanza. Akaketi. Akatoa kile kidonge kidogo mfukoni, peke yake safari hii, akakiweka kwenye kiganja. Akasema bismillahi, akanywa funda moja.

Akanywa funda la pili, polepole. Watu wakasubiri na mabakuli yao. Mvuke ulipanda mbele ya uso wake, na hakuna aliyeweza kujua kinachopita humo ndani, isipokuwa mwanamke mmoja upande wa kikaango, ambaye hakuwa anatazama.

"Vipi, mzee?" dereva wa bodaboda akashindwa kuvumilia. "Iko sawa?"

Daimu angeweza kusema iko sawa. Lingekuwa neno dogo, na lisingemdhuru mtu. Lakini alikuwa ametoka mbali na maneno madogo ya namna hiyo.

"Imeizidi ya kwangu," alisema, kwa sauti ya kusikika benchi zima. "Ameipika Mama Nasrin. Leteni mabakuli."

Wakapiga makofi. Kajetani akapiga mluzi. Saada hakuinua kichwa. Aligeuza chapati yake, akaikandamiza pembeni ili iive sawasawa.

"Meza hicho kidonge, Baba Nasrin," alisema, "kabla supu haijapoa."